Wanaoomba kurudi kwao: siku moja maishani mwangu

Nahudumia wazee katika makao yao, kwenye nchi ambayo sikuzaliwa. Wengi wao wana maradhi ya kusahau, na haipiti siku bila mmoja wao kuniomba nimrudishe nyumbani. Ndugu zangu huniuliza mara kwa mara, "Hivi huko unashinda ukifanya nini?" Hii ni siku moja ya zamu ndefu.

Saa 11:00 alfajiri

Huku bado giza. Kwetu kumeshakucha, uwanja umefagiwa na watoto wako njiani kwenda shule. Tunapishana saa mbili. Jumapili ya mwisho ya Machi huku husogeza mishale mbele, tukawa tunapishana saa moja tu; Jumapili ya mwisho ya Oktoba huirudisha nyuma. Kwetu, kama ilivyo katika nchi nyingi duniani, hakuna anayegusa saa. Mara ya kwanza ilipofika Oktoba nililala vizuri, nikaamka nikakuta nyumbani kumesogea mbali zaidi, na sikuwa na wa kumweleza kwa nini jambo dogo namna ile linaniuma.

Tangu nihame natembea na majira mawili kichwani. Nikipiga mswaki najua mama ameshabandika maji ya chai. Nikifunga kamba za viatu najua anafungua dirisha la uani. Nadhani kila aliye mbali na kwao ana mazoea haya, hata asipoyasema. Shida ni kwamba nyumba ninayoiona ni ile niliyoiacha. Mdogo wangu aliniambia zamani kwamba ule mti wa uani umekatwa kwa sababu mizizi ilikuwa inapasua ukuta. Nilielewa. Lakini kila alfajiri nikimwona mama, yuko chini ya kivuli chake.

Saa 12:10 asubuhi

Basi la kwanza. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2024 watu milioni 304 walikuwa wakiishi nje ya nchi walizozaliwa, yaani karibu wanne katika kila watu mia. Anayepanda basi la saa hii hawezi kuamini hesabu hiyo. Humu tumo wasafishaji wa maofisi, wapishi wa hospitali, walinzi wanaotoka kazini na wahudumu wa wazee tunaoingia, na nusu ya simu zinazozungumzwa ni za lugha za mbali. Watu wanasalimia nyumbani kabla siku ya huku haijawameza. Hatujuani majina, lakini dada mmoja asipopanda siku mbili mfululizo, tunaulizana.

Saa 1:00 asubuhi

Tunakabidhiana zamu. Mhudumu wa usiku anasoma ripoti akiwa amesimama, maana akikaa atasinzia: nani amelala, nani amekataa dawa, nani alikutwa na homa, nani ageuzwe upande gani. Halafu anakunja daftari na kuniambia lile ninalolisubiri.

"Bibi wa chumba cha mwisho alikuwa koridoni saa tisa usiku. Amevaa koti na kofia. Anasema kuku hawajafungiwa na mama yake atamgomba."

Bibi huyu alikuja nchi hii akiwa msichana, kufanya kazi. Akaolewa huku, akazaa huku, akastaafu huku. Maisha yake yote ya utu uzima ameyazungumza kwa lugha ya huku, na wanaomkumbuka wanasema aliizungumza vizuri kuliko wenyeji wengi. Sasa lugha hiyo inamtoka. Hutokea kwa wazee wengi waliohama wakipatwa na maradhi haya: lugha waliyojifunza ukubwani hulegea mapema, na ile ya utotoni hubaki. Mhudumu wetu wa usiku ni mtu wa pande za kwao bibi, kwa hiyo ndiye pekee jengo zima anayemwelewa saa tisa za usiku. Kila anachosikia cha maana hukiandika kwenye kikaratasi na kukibandika ndani ya mlango wa kabati lake. Hakuna aliyemwagiza afanye hivyo.

Saa 1:30 hadi saa 5:00

Kuogesha, kuvisha, kulisha. Kazi hii watu wengi huiona ya kumaliza haraka, na mimi naiona ndiyo kiini cha yote, kwa hiyo nitaieleza.

Unabisha hodi hata kama unajua hatajibu. Unasema jina lake, unasema lako, unamwambia unachotaka kufanya kabla ya kumgusa. Maji unayapima kwa kifundo cha mkono. Unaanza na uso, na unafunika kila sehemu usiyoiosha, kwa sababu mzee aliyesahau jina la mwanawe bado hajasahau aibu. Unakagua visigino, nyonga na mfupa wa chini ya mgongo. Ngozi ikiwa nyekundu na haibadiliki ukiibonyeza, unaandika na unamwita muuguzi, maana kidonda cha kulala huanza hivyo na kupona kwake ni miezi. Asiyeweza kujigeuza tunamgeuza kila baada ya saa chache, mara nyingi mbili. Halafu unamwacha achague nguo, hata kama ni kati ya mbili tu, hata kama itachukua muda ambao huna.

Kwa bibi wa chumba cha mwisho nina daftari dogo mfukoni. Mwenzangu wa usiku alinitajia maneno ya kwao nikayaandika kwa herufi zangu jinsi ninavyoyasikia: maji, baridi, inauma, polepole, nipo hapa. Nayatamka vibaya. Lakini nikisema "polepole" ya kwao wakati namwinua kitandani, mabega yake yanashuka. Nimeliona hilo asubuhi nyingi mno kuliita bahati.

Shirika la Afya Duniani linasema watu zaidi ya milioni 55 wana maradhi haya ya kusahau, mengi yakiwa ya aina ya Alzheimer. Nikisoma hivyo huwaza wangapi kati yao walizeekea ugenini, na nani anawajibu usiku.

Saa 6:30 mchana

Mapumziko. Nakula haraka ili nipate muda wa simu. Mama hapendi kuandika, hutuma sauti. Leo zipo tatu, ya mwisho ndefu, na nusu yake ni salamu za watu. Nazisikiliza mara mbili. Mara ya kwanza nasikiliza anachosema. Mara ya pili nasikiliza kilicho nyuma yake: bawaba ya mlango inayolia, mtoto anayeitwa, kikohozi. Kikohozi hicho ni cha nani? Nyumbani hawatuambii mtu anapougua. Hutuambia ameshapona. Nao wakituuliza hali, sisi tunasema "salama tu," hata wiki ile tuliyotoka kitandani kwa shida. Kila upande unaulinda mwingine kwa kuficha, na mwisho wake ni kwamba mtu anajifunza kupima afya ya mama yake kwa sauti ya pumzi kati ya sentensi mbili.

Mdogo wangu ameandika kwamba ada ya shule inakaribia. Natuma. Hapa nina neno la kusema. Nchi za dunia zilikubaliana katika Malengo ya Maendeleo Endelevu kwamba ifikapo 2030 gharama ya kutuma pesa nyumbani iwe chini ya asilimia 3. Takwimu za Benki ya Dunia zinaonyesha kwamba anayetuma dola 200 bado anakatwa, kwa wastani wa dunia, zaidi ya asilimia 6. Na kwa kawaida anayetuma kidogo ndiye anayekatwa sehemu kubwa zaidi ya pesa yake, yaani yule anayetuma kila wiki kwa sababu hana cha kutosha kutuma mara moja kwa mwezi. Mimi naiita dhuluma. Pesa hiyo imeshatozwa kodi, imeshapunguzwa na nauli na pango la nyumba, halafu njiani inamegwa tena kabla haijafika kwa mtoto anayesubiri daftari.

Mama hajawahi kuniomba pesa. Ujumbe wake humalizika kwa swali lilelile, "Umekula?" Namjibu hapohapo, huku bado natafuna.

Saa 10:00 jioni

Hii ndiyo saa ngumu ya siku. Mwanga ukianza kupungua, wazee wengi wenye maradhi ya kusahau huingiwa na wasiwasi. Wataalamu wanaihusisha hali hiyo na uchovu wa kutwa na kuvurugika kwa mpangilio wa mwili wa kujua usiku na mchana. Sisi tunaijua kwa macho: viti vinasogezwa, mikoba inafungwa, mtu anaanza kuuliza funguo ziko wapi. Na ndipo maombi yanapoanza. Nataka kwenda kwetu. Nani atanipeleka? Mbona mnanichelewesha?

Bibi anatoka chumbani amevaa koti. Sentensi hii bado anayo katika lugha ya huku: "Naomba kwenda nyumbani."

Mgeni wa kazi hii hujibu haraka, "Bibi, hapa ndiyo nyumbani." Si uongo, anwani yake ni hapa. Lakini ukimwambia hivyo unamwongezea msiba, kwa sababu anatazama kuta, haioni nyumba yake, na mtu aliyemtegemea naye anakana kwamba ipo. Kwenye mafunzo tulifundishwa njia ya Naomi Feil, mama aliyezaliwa Munich mwaka 1932 na kukulia Marekani, ndani ya makao ya wazee ya Cleveland ambako baba yake alikuwa msimamizi. Yeye alifundisha kwamba tuache kumvuta mzee arudi kwenye ukweli wetu. Tumfuate huko aliko, tumuulize habari za huko.

Nampa mkono. "Nani anakungoja nyumbani, bibi?"

"Mama."

"Mama ni mkali?"

"Giza likiingia tu." Ananitazama usoni kuona kama naelewa uzito wake. "Na kuku bado wako nje."

Tunatembea hadi mwisho wa koridoni na kurudi. Namuuliza kuku wangapi, nani alimsaidia kuwafungia, njia ya kutoka kisimani ina mlima au tambarare. Maneno mengine yanatoka kwa lugha ya kwao na siyaelewi, lakini mkono wake unaeleza: hapa kuna kona, hapa kuna kitu kirefu, labda mti. Namwambia kwamba mama yangu naye akiona giza huita majina yetu mmoja mmoja mpaka wote tuitike. Anacheka. Baada ya mizunguko kadhaa anafungua vifungo vya koti mwenyewe.

Kuna makao ya wazee, Ujerumani kwa mfano, yaliyowahi kuweka kituo cha basi ambacho hakuna basi linalopita, ili mzee anayetaka kwenda kwao aketi pale asubiri mpaka atulie au asahau. Nawaelewa waliobuni jambo hilo. Mzee akipotea usiku wa baridi anaweza kufa, na benchi moja linaweza kumwokoa. Hata hivyo mimi nisingeweza kuketi naye pale nikamwambia basi linakuja. Sisi tulio mbali tunajua kusubiri kwa aina hiyo. Kwa mama zetu basi hilo linaitwa "mwakani."

Saa 11:30 jioni

Binti wa bibi anafika akitoka kazini kwake. Mama yake leo hajamtambua. Amempokea kwa adabu, akamwambia "karibu, keti," wanavyoambiwa wageni. Binti ameketi, ameshika mkoba magotini.

Mwanasaikolojia mmoja wa Marekani, Pauline Boss, alitumia maisha yake ya kazi kuchunguza huzuni ya namna hii, ambayo haina mazishi wala tarehe. Aliigawa mara mbili. Kuna mtu ambaye mwili wake upo lakini akili imeondoka, na kuna mtu ambaye mwili wake haupo lakini moyoni yupo kila siku. Mfano wa kwanza ni mgonjwa wa kusahau, na mfano wa pili ni mtu aliyehama. Boss mwenyewe alikulia Wisconsin na baba aliyetoka Uswisi, ambaye hakuacha kuwatamani ndugu aliowaacha ng'ambo. Nilipolisoma hilo nilifunga kitabu nikakaa kimya. Katika chumba kimoja hiki, binti anaishi na huzuni ya kwanza. Na mama yangu, maili nyingi kutoka hapa, anaishi na ya pili, kwa ajili yangu.

Binti anafungua mlango wa kabati na kusoma vikaratasi vya mhudumu wa usiku, kimoja kimoja. Kuku. Mama mkali. Kisima. Dada aliyekuwa anamsuka nywele.

"Sikujua kama alikuwa na dada," ananiambia. "Hakutusimulia habari za kwao. Alitaka tuwe watu wa hapa, asitutie uzito. Sasa ndiyo anasimulia, na mimi lugha yake siijui."

Sikuwa na la kumfariji, na sikulitafuta. Nilimwambia tu kwamba mwenzangu wa usiku huingia saa moja, na kwamba akitaka kumsubiri, kiti kipo. Alisubiri. Niliwaacha watatu: bibi akizungumza, mhudumu akieleza, binti akiandika kwa haraka nyuma ya bahasha.

Saa 2:15 usiku

Nimeoga, miguu iko juu ya mto. Kwetu ni saa nne na ushee, mama amejilaza lakini hajalala.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umechoka, nakusikia."

Kwa kawaida tungezungumza ada, mvua, nani kaoa, na kuagana kabla salio halijaisha. Leo nimejaribu kumuuliza anavyoulizwa bibi. Sikumuuliza hali. Nilimuuliza, "Mama, ulipokuwa mdogo, giza likiingia, nani alikuwa anakuita?"

Alinyamaza kiasi cha mimi kudhani mtandao umekatika.

"Bibi yangu," akasema. "Hapo unaniuliza habari za kwetu. Hizi za hapa ni za kwa baba yako."

Nimeishi maisha yangu yote nikijua kwamba mama aliletwa pale kwa ndoa. Ni jambo linalojulikana, halina siri. Lakini sikuwahi kulifikiria hadi mwisho: ile nyumba ambayo mimi huiona kila alfajiri, yenye dirisha la uani na mti ambao haupo, yeye aliingia akiwa mgeni. Hakujua maji yanatekwa wapi. Alikuwa anasalimia watu wazima kwa kufuata wanawake wenzake midomo, kwa sababu lafudhi ya pale ilimpiga chenga. Ameniambia mwaka wa kwanza alikuwa akiamka usiku anatafuta mlango upande usio na mlango, kwa kuwa nyumba ya kwao mlango ulikuwa upande ule. Baba alimkuta amesimama mbele ya ukuta, akamwongoza kitandani, na asubuhi hakumtania.

"Ilikuchukua muda gani kuzoea?" nikamuuliza.

"Kuzoea nini? Nilikuzaeni nyinyi, basi nikawa na kazi."

Tumezungumza mpaka simu ikawa ya moto sikioni. Amenitajia majina ya watu ambao sijawahi kuyasikia, na safari hii nimeyaandika kwenye daftari lilelile la mfukoni, kurasa za nyuma: bibi yake, ndugu wawili wa bibi yake, jirani aliyemfundisha kusuka mikeka, mto ambao hawakuruhusiwa kuuvuka peke yao. Nilipomuuliza kama angependa kwenda kupaona, alisema miguu haimruhusu na kwamba waliomjua wamekwisha. Halafu akasema, kwa sauti ya chini kidogo, kwamba shangazi yake mdogo huenda bado yupo.

Kesho naingia zamu ya mchana, kwa hiyo asubuhi nina nafasi. Mdogo wangu ameahidi kunitafutia namba ya mtu wa huko. Likizo yangu ijayo nikienda nyumbani sitaishia nyumbani. Nataka tukodi gari, tumketishe mama mbele, atuelekeze njia mwenyewe.